Watoto wa vita wasitenganishwe na ndugu zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Kigoma tumelishuhudia kwa macho yetu, nalo ni malezi ya watoto ambao vita vimewaleta kwetu bila wazazi wao.

Wapo wanaodhani kwamba kumkabidhi mwanao kwa mtu usiyemjua ili apate kuokoka ni msiba wa Waafrika peke yao. Sivyo. Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita dhidi ya Ujerumani, serikali yake ilianza kuwaondoa watoto London na miji mingine mikubwa kwa kuhofia mabomu, na kwa siku chache tu watu wapatao milioni 1.5, wengi wao wanafunzi waliosafiri na walimu wao, wakawa wamesambazwa vijijini na katika miji midogo. Mtoto alifungiwa kwenye koti kikaratasi chenye jina lake, akabeba na kisanduku chenye barakoa ya kumkinga na gesi ya sumu. Wazazi wengi hawakujua treni inaelekea wapi. Walikaa wakisubiri kadi ya posta iwaambie mtoto amefikia wapi.

Kuwaondoa ulikuwa uamuzi wa busara, maana kuanzia Septemba 1940 London ilipigwa mabomu kweli kweli. Kinachoniuma ni namna watoto wale walivyogawiwa. Katika vijiji vingi walipangwa ukumbini, wenyeji wakapita wakichagua kama watu wachaguavyo mbuzi mnadani: wakulima walitaka wavulana wenye nguvu, wasichana nadhifu walichukuliwa mapema, na ndugu waliokataa kuachana wakabaki mwisho. Mwenyeji alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki kwa mtoto mmoja, lakini akichukua zaidi ya mmoja alipewa shilingi 8 na peni 6 kwa kila mtoto, utaratibu ambao kwa maoni yangu haukuwasaidia ndugu kukaa nyumba moja. Wengine walipokojoa kitandani walihesabiwa kuwa hawakulelewa vizuri, kumbe ni hofu na majonzi. Huko Cambridge, watafiti walioongozwa na mwanasaikolojia wa watoto Susan Isaacs waliwaomba watoto waliotoka London waandike wanachokipenda pale na wanachokikosa. Waliowakosa zaidi ni watu wa nyumbani kwao, na watafiti wakashauri ndugu wawekwe pamoja.

Sisi nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 1996 Wakongo walivuka ziwa wakikimbia vita, na Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, ambako meli ya MV Liemba ilitia nanga mbali na ufuko na watu wakapelekwa kwayo kwa mitumbwi. Walipofikishwa hapa mjini nilimwona msichana wa umri wa darasa la tatu hivi, amembeba mdogo wake mgongoni, akikataa kumshusha hata mhudumu alipotaka kumpokea ili yeye anywe uji. Uji ulipoa mkononi mwa mhudumu.

Katika kambi kama Nyarugusu, watoto wa namna hii hukabidhiwa familia za wakimbizi wenzao, na wapo walezi wema mno ambao hawajapata kushukuriwa hadharani. Hata hivyo, mazoea yetu ya kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hayamfai mtoto asiyejua mama yake yuko wapi. Mtoto huyo akikabidhiwa ndoo na jembe wakati watoto wa nyumba wanakwenda shule, hana wa kumlalamikia.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazohusika na mashirika yanayosimamia kambi mambo haya: ndugu wa tumbo moja wakabidhiwe mlezi mmoja, na mlezi huyo aongezewe msaada badala ya kupunguziwa, majina ya wazazi na kijiji walikotoka yaandikwe siku ileile wanapopokelewa, kabla mdogo hajayasahau, na afisa ustawi wa jamii awatembelee mara kwa mara bila kutoa taarifa, akae na mtoto faraghani na kumsikiliza kwa lugha anayoielewa, mlezi akiwa hayupo.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma