Madevelopa wa Afrika tuache kujifungia kila mtu na laptopu yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni.

Mimi ni developa, yaani mtengeneza programu za kompyuta, nipo Mwanza, kazi yangu kubwa ni kutengeneza mifumo ya vikoba. Mwaka jana nilikwama siku tatu nzima kisa namba za simu za wanachama, huyu kaandikwa kwa 0 mwanzoni, kesho kaandikwa kwa 255, keshokutwa kuna alama ya kujumlisha, basi mfumo unamuona mama mmoja kama watu watatu na michango yake imetawanyika, mama wa watu analia hela zake ziko wapi. Nikaiweka ile kazi wazi GitHub, ule mtandao ambao madevelopa wanawekeana programu zao, nikaomba msaada kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Asubuhi nakuta kijana wa Lusaka kaniandikia mistari 11 tu ya programu, tatizo likaisha, anasema na yeye yalimkuta hayohayo ila kwao Zambia namba zinaanza na 260. Nikajiuliza, ni madevelopa wangapi toka Dar mpaka Lagos wamekesha kwa jambo hilihili, kila mtu chumbani kwake?

Kuna bosi niliwahi kumfanyia kazi alikuwa anasema ukiweka kitu wazi umegawa mali ya ofisi. Sikubaliani naye hata kidogo. Kuna programu inaitwa Ushahidi, ilitengenezwa Kenya 2008 kwenye yale machafuko ya baada ya uchaguzi, wakaiachia yeyote aitumie, 2010 tetemeko lilipopiga Haiti watu wakaichukua hiyohiyo kuonyesha kwenye ramani nani anahitaji msaada na yuko wapi. Ingefungiwa kabatini isingefika huko. Na hawa Masakhane, jina la Kizulu hilo, tunajenga pamoja, wamekusanya watu wa nchi kibao wanaifundisha kompyuta lugha zetu.

Mikutano ni mizuri, 2023 DjangoCon Africa, mkutano wa madevelopa wanaotumia Django, zana ya kujengea tovuti, ilifanyika Zanzibar kabisa, ila nauli ya ndege humu Afrika we acha tu, wengi hatuiwezi. Mimi naona jumuiya inajengwa siku za kawaida, mtu kauliza usiku unamjibu hata kama swali ni dogo, na maelezo ya programu yako unayaandika kwa Kiswahili pia maana vijana kibao kazi wanaijua ila kwenye makundi ya Kiingereza wananyamaza wanaogopa kuchekwa.

Ile ya namba za simu nimeshaanza kuiandikia maelezo ya Kiswahili. Ina 255, 260 na 254. Za 257 na 243 bado, aliyeko Bujumbura au Goma karibu aziongeze.

Developa wa vikoba,
Mwanza