Pikipiki Ndogo za Zamani Zinauawa na Haraka, Si na Kutu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenzangu wa Tanga, hasa wale wenye pikipiki ndogo za zamani zilizoegemezwa stoo au uani chini ya mabati, pamoja na mafundi wanaoletewa pikipiki hizo. Ninalotaka kusema ni kwamba nyingi kati yake haziuawi na miaka ya kulala. Zinauawa siku ile ile tunapotaka kuziamsha.

Yangu ni Honda Z50A, ya jamii inayojulikana duniani kwa jina la Monkey. Marehemu mjomba wangu aliachiwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao katika miaka ya 1970, akaitumia mpaka mwaka 1991 ilipogoma kuwaka, ndipo ikaingizwa stoo hapa Chumbageni na kufunikwa turubai. Ni kijipikipiki ambacho mtu mzima akikikalia magoti yake hukaribia usukani, chenye magurudumu ya inchi 8 na injini ya sentimita za ujazo 49. Pikipiki za kwanza za jamii hii Honda walizitengeneza mwaka 1961 kwa ajili ya watoto waliokwenda kucheza katika bustani ya Tama Tech, karibu na Tokyo, na baadaye ndipo zikatengenezwa za kutembea barabarani. Injini yake ni ya ukoo mmoja na ile ya Honda C50 ambayo wazee wetu wengi wanaikumbuka, na C50 yenyewe ni ya familia ya Super Cub, ambayo tangu ilipoanza mwaka 1958 hadi kufikia mwaka 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya mara milioni 100. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaotwambia kwamba vipuri vya vyombo hivi havipatikani tena, kwa hiyo tuvipeleke kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ringi, gasketi, pointi na hata kabureta nzima za injini za ukoo huu bado zinatengenezwa.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliijaza petroli mpya papo hapo, akaanza kupiga kiki. Alipiga kwa zaidi ya nusu saa huku vijana wakipokezana. Kumbe sindano ya boya ndani ya kabureta ilikuwa imegandia wazi, hivyo petroli ilipita moja kwa moja ikashuka hadi kwenye oili, na oili ikawa nyepesi kama maji. Alipoona hakuna moto kwenye plagi, alitaka kufikia pointi, yaani vile vichwa viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ili kuipa plagi moto, zilizo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, na kwa kuwa hakuwa na pula, kifaa cha kuivutia, alichukua nyundo na patasi akaigonga ukingoni. Kipande cha ukingo kilimeguka mbele ya macho yangu. Niliomba pikipiki yangu nikaisukuma mpaka nyumbani. Simtaji fundi huyo wala simlaumu peke yake, kwani mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nilikuwa na haraka kama yeye.

Nyumbani nilianza upya, na nilichokiona kilinitia woga kwa jinsi tulivyonusurika. Nilipofungua mfuko wa chujio la hewa nilikuta nyigu wamejenga vyumba vitatu vya udongo, kimojawapo kikiwa karibu kabisa na mdomo wa kabureta. Kama injini ingewaka siku ile, udongo huo ungevutwa ndani ya silinda na kuisaga kama msasa. Ekzosi nayo ilikuwa na kiota. Nilitoa plagi, nikamimina vijiko viwili vya oili kupitia tundu lake, nikaiacha siku nne ili oili ipenye kwenye ringi, kisha nikaizungusha injini kwa spana kwenye nati ya flaiwili, taratibu, kwa mkono tu. Mwanzoni ilikataa. Siku ya tano ilisogea robo mzunguko, ikarudi, ikasogea tena, na hatimaye ikazunguka yote bila kukwaruza. Naamini kabisa kwamba moja tu ya zile kiki za nguvu kwa fundi ingeweza kuvunja ringi.

Kabureta ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Petroli inayokaa miaka mingi huyeyuka ikabakiza kitu kama gundi ya kahawia inayonuka vanishi, na gundi hiyo huziba jeti, yaani vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Jeti ya mwendo wa taratibu ina tundu lisilofika hata nusu milimita. Wengi hulizibua kwa waya wa chuma au pini, nalo hupanuka, na tangu hapo injini haitulii tena kwa sababu inakunywa mafuta kupita kiasi. Mimi niliiloweka usiku kucha katika dawa ya kusafishia kabureta, nikatumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni, kisha nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nilipoona nuru imepenya upande wa pili ikiwa duara kamili, nilijua kazi imekwisha. Tangi nililiweka siki siku mbili pamoja na konzi ya nati kuukuu, nikalitikisa, nikalisuuza kwa maji ya magadi na kulianika. Mpira wa mafuta nilinunua mpya.

Kuhusu umeme, nilikwenda kwa fundi kerezo akanichongea pula, na kwa pula hiyo flaiwili ilitoka bila pigo hata moja. Pointi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa na utando mweupe tu, ambao kwa hewa yetu ya chumvi ya bahari si ajabu. Nilizisugua kwa msasa laini, nikazipangusa kwa kipande cha karatasi safi, nikapima uwazi wake uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Plagi mpya iliyowekwa uwazi wa milimita 0.6 ilitoa cheche ya buluu.

Jambo moja la hatari sitaki kulipita. Muuzaji mmoja aliniletea tairi la toroli, kwa kuwa saizi ni ile ile ya 3.50-8. Tairi hilo linaingia vizuri kwenye rimu, lakini limetengenezwa kubeba mchanga kwa mwendo wa miguu, halikutengenezwa kubeba binadamu kwa kilomita 40 kwa saa. Anayemfungia mteja wake tairi la namna hiyo anacheza na uhai wa mtu.

Nilibadilisha oili, nikaning'iniza chupa yenye petroli kidogo badala ya kutegemea tangi, nikapiga kiki. Ya sita ikaitikia. Ilitoa moshi wa buluu kwa dakika kama mbili, ile oili niliyoimimina ikiungua, kisha ikatulia. Mama yangu, dada wa marehemu, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni bila kusema neno.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vyombo hivi ni kwamba kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu, watoe plagi, watie oili na kuijaribu injini kwa mkono. Kwa mafundi wakongwe wa Ngamiani waliokulia kwenye pointi na magineto, naomba wawaite vijana wa gereji wawaonyeshe, maana kijana aliyejifunzia pikipiki za siku hizi hajapata kuzigusa. Pula niliyochongewa iko nyumbani, imepakwa grisi na kufungwa kitambaa. Anwani yangu nimekuachia wewe Mhariri, na fundi yeyote wa Tanga mwenye Honda ndogo ya aina hii mezani pake aje aiazime bila malipo kabla hajashika nyundo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga.