Kabla hujainunua hiyo Benzi

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako imefika na picha nimezitazama vizuri: E280 ya 1994 na C180 Kompressor ya 2005 iliyoshushwa kutoka Japani. Umeniuliza maswali mawili: Benzi ina nini hasa hata watu waisujudie, na ipi kati ya hizo mbili ulipie. Nitayajibu kwa pamoja, maana miaka 11 iliyo kati ya magari hayo ndiyo iliyobadilisha kila kitu.

Chanzo unakijua kwa juujuu. Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Injini ilikuwa ya silinda moja, sisi 954, na nguvu yake haikufika hata farasi mmoja. Mwaka huohuo, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa Cannstatt, karibu na Stuttgart, wakifunga injini yao kwenye gari la farasi. Walikuwa mahasimu wa kibiashara. Kampuni zao ziliungana tarehe 28 Juni 1926, Benz akiwa mzee na Daimler yuko kaburini tangu 1900.

Katika historia hiyo yote, sehemu ninayokusihi usiiruke ni safari ya Bertha Benz, mke wa Karl. Agosti 1888 alilichukua gari bila kumwambia mumewe, akawapakia vijana wake wawili, Eugen na Richard, akaenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Wengi husifu ujasiri wake. Fundi husoma orodha ya hitilafu: mrija wa mafuta uliziba, akauzibua kwa pini ya kofia; mafuta yalipungua, akanunua ligroini kwenye duka la dawa pale Wiesloch; breki za mbao ziliisha, fundi viatu akazipigia ngozi. Aliporudi alisema gari linahitaji gia ya kupandia vilima, na gia hiyo ikaongezwa. Kujaribu mpaka kitu kiharibike, kisha kurekebisha kabla mteja hajakutana nacho: ndiyo tabia iliyowapa jina, na walipoilegeza, jina hilo liliwatoa jasho.

Jina Mercedes lililetwa na mteja. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeishi Nice, aliagiza kwa kampuni ya Daimler magari 36 kwa mpigo mwaka 1900 kwa sharti kwamba yapewe jina la binti yake. Gari la kwanza la aina hiyo, la farasi 35, lilimfikia Desemba 1900. Maybach aliliteremsha chini, akalirefusha, akaliwekea rejeta ya vijitundu zaidi ya 8,000 ambayo injini haikuchemka nayo. Machi 1901 lilitamba kwenye mashindano ya Nice. Nyota ya ncha tatu ilisajiliwa 1909, ikimaanisha injini za nchi kavu, za majini na za angani. Na tusifiche lingine: wakati wa vita vya pili kampuni ilitumia vibarua wa kulazimishwa, na magari yake makubwa ya 770 yaliwabeba wakuu wa Nazi.

Sasa mvuto. Watu husema ngozi na mbao, lakini viti vingi vya Benzi za zamani unavyodhani ni ngozi ni plastiki ngumu waliyoiita MB-Tex, nayo hudumu kuliko ngozi yenyewe. Mvuto wa kweli umo kwenye vitu ambavyo muuzaji hakuonyeshi. Béla Barényi, mhandisi wao, alibuni bodi ambayo pua na mkia hujikunja kwenye ajali ili chumba cha abiria kibaki kizima. Ilianza kutumika kwenye W111 ya 1959 (W na namba yake ni jina la kiwandani la kila toleo). Breki za ABS, zinazozuia magurudumu kukwama ukikanyaga ghafla, walizotengeneza pamoja na Bosch, ziliingia kwenye S-Class ya W116 mwaka 1978, na mfuko wa hewa wa dereva ukafuata 1981 kwenye W126. Tazama pia taa za nyuma za E280 uliyonitumia. Mabonde yale ya kwenye kioo si urembo: tope likirukia taa, linashika migongo tu, na ndani ya mabonde mwanga unaendelea kuonekana.

Halafu lipo gari ambalo hutalinunua, wala mimi: Mercedes 600 ya 1963, injini ya V8 lita 6.3. Vioo, viti na hata buti vilisukumwa na mafuta yenye shinikizo badala ya mota za umeme, ili kusisikike sauti yoyote. Zilitengenezwa 2,677 tu hadi 1981. Mobutu alikuwa nayo, Idi Amin alikuwa nayo. Huku kwetu wakubwa walikuwa wameshaitwa Wabenzi, kwa hiyo unaelewa heshima ile ilichanganyika na kitu gani. Kioo cha 600 kinaweza kuvunja kidole, na mrija mmoja ukivuja, vioo na viti vinagoma kwa pamoja.

Gari lililoifanya Benzi iaminike na watu wa kawaida ni W123, ya 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980. Zilitoka karibu milioni 2.7. Dizeli zake, 240D na 300D, ziliendesha teksi kuanzia Ujerumani hadi Afrika Kaskazini. Hazikuwa na kompyuta. Kinachotakiwa ni kurekebisha valvu kila kilomita 24,000 hivi, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 za kuingiza, 0.30 za kutolea. Zina kituko kimoja kinachowachanganya mafundi wengi: unazima ufunguo na injini inaendelea kunguruma. Pampu ya dizeli haina kosa. Injini huzimwa kwa vakumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, na vakumu hiyohiyo ndiyo inayofunga loki za milango, kwa hiyo mpira ukipasuka ndani ya mlango, injini haizimiki. Bonyeza wenzo wa STOP kwenye injini, kisha tafuta tundu mlangoni.

W124 ilikuja 1984, na hapo ndipo E280 yako inapoingia. Ilitengenezwa kwa mtindo wa zamani: wahandisi wanasema gari linahitaji nini, ndipo watu wa hesabu wanapanga bei. Nyuma, kila gurudumu limeshikwa na mikono mitano tofauti. Waipa ni moja tu, lakini inajitokeza na kurudi kama inavyozunguka mpaka inafuta asilimia 86 ya kioo (fundi wako aipake grisi, maana ikikauka huunguza mota). Mwaka 1989 Lexus LS 400 ikatokea, tulivu na ya bei ndogo, na wakuu wa Benzi kule Stuttgart wakageuza utaratibu: bei kwanza, gari baadaye. W210 ya 1995 ikaanza kuota kutu mpaka kwenye vishikio vya springi za mbele. Mwaka 1998 wakaungana na Chrysler, ndoa iliyovunjika 2007. C180 yako, W203, ilizaliwa ndani ya ndoa hiyo.

Haya, tuingie chini ya boneti. E280 ina injini ya M104, silinda 6, imara sana, ila imekutwa na balaa la mwaka wake. Kati ya 1992 na 1995 wayaringi ya injini, yaani fungu la nyaya zake za umeme, ilitengenezwa kwa mpira uliokusudiwa kuoza ukitupwa. Ukaoza ukiwa kazini. Joto la injini huukausha, unapukutika kama ganda la karanga, nyaya zinagusana, gari linatetemeka kwenye sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta) au linamisi, na siku mbaya kompyuta inaungua. Injini ikiwa baridi, shika waya karibu na soketi ya nozeli (kinyunyizio cha petroli), uukunje taratibu. Ukisikia unakatika, wayaringi imekufa. Kagua pia ule unaokwenda kwenye throto, maana nao ni wa mpira uleule na watu huusahau. Dawa ni wayaringi mpya. Muuzaji akikuambia ameifunga tepu, umeshajua hali yake.

Pili, mulika tochi kwenye kona ya nyuma kulia ya injini, pale kichwa kinapokutana na bloku. M104 huvuja oili hapo kwa sababu ya gasketi. Unyevunyevu unavumilika kwa muda. Oili ndani ya maji ya rejeta haivumiliki. Ukimwaga oili yake andaa lita 7.5, fundi aliyezoea magari madogo atakuletea galoni moja ya lita 4 kisha ashangae. Halafu chomoa vizibo vya plastiki vya kuwekea jeki pembeni chini ya milango: kutu ya W124 hujificha humo, huku nje panang'aa. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 80 ondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Mkia ukiyumba, bushi za ile mikono ya nyuma zimekwisha. Mwisho weka R gari likiwa baridi; likikawia kushika, giaboksi inadai pesa.

C180 ni habari nyingine. Injini ya M271, lita 1.8 yenye kompresa (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini), ni tamu na haili mafuta sana, lakini cheni yake ya taimingi, inayopatanisha valvu na pistoni, ni nyembamba na hurefuka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono uhakikishe ni baridi kweli, kisha washa. Ikilia kama mnyororo unaburuzwa kwa sekunde kadhaa, cheni na meno ya kemu (mhimili unaofungua valvu) vinahitaji kubadilishwa, na ukichelewa cheni inaruka meno, valvu zinagonga pistoni. Oili yake ni lita 5.5, yenye kibali cha MB 229.5. Kitabu kinaruhusu kukaa muda mrefu kabla ya kumwaga. Wewe mwaga kila kilomita 8,000, ndiyo bima ya ile cheni.

Mbele ya kichwa cha injini kuna sumaku mbili za kemu. Chomoa soketi zake. Ukikuta oili ndani, inasafiri ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya injini. Vipo vipande vifupi vya waya vinavyochomekwa katikati ili oili iishie hapo, na ni vya bei ndogo. Giaboksi yake, 722.6 ya gia 5, ina ugonjwa unaofanana: soketi ya pini 13 huvuja kwenye oringi na mafuta yakapanda hadi kwenye kompyuta yake. Kibadilishe hicho kidude kila unapobadilisha mafuta, yaani kila kilomita 60,000, hata kama utaambiwa ni mafuta ya maisha yote. Ukifungua sampu (bakuli la chini) tu yanatoka kama lita 4. Mengine yanabaki ndani ya tokikonveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi. Mpimo haumo garini, fundi lazima awe na stiki maalumu, na hupimwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 80. Mengi tunayoyaita ugonjwa wa giaboksi za Benzi ni mafuta yaliyojazwa kwa kukisia.

Safisha pia njia za maji chini ya kioo cha mbele. Zikiziba kwa majani, mvua inaingia kwenye kisanduku cha umeme, na utaanza kuona taa zinazojiwasha.

Kuhusu namba ya chesisi, isome mwenyewe. Baada ya WDB, tarakimu sita zinazofuata ni za aina ya gari: 124028 kwa E280, 203046 kwa C180 Kompressor. Ya kumi ikiwa 2, gari lilizaliwa na usukani wa kulia. Ikiwa 1, lilizaliwa na wa kushoto, kwa hiyo kama wa kulia ndio uliomo, kuna mtu aliuhamisha. Na ukinunua lolote, hesabu bolti za magurudumu. Rimu za alumini hutumia bolti ndefu. Ukizifunga kwenye spea ya chuma, zinapenya mpaka kwenye breki ya mkono na kuivunja. Spea ina bolti zake fupi, ziwe kwenye buti. Spana ni 17, na kaza kwa Nm 110, usisimame juu yake.

Mimi ningechukua E280, kwa sharti kwamba wayaringi imeshabadilishwa na risiti ipo, au bei imeshuka kwa gharama ya wayaringi mpya pamoja na kazi. Kasoro zake zinaonekana kwa macho na kugusika kwa mkono. C180 inafaa kama unataka gari la kwenda kazini kila siku na umehakikisha cheni iko kimya, ila fundi wako awe na mashine ya kusoma Benzi, siyo ile ya kila gari inayokuambia "hitilafu ya injini" na kunyamaza.

Nitumie namba za chesisi zote mbili, picha za soketi za sumaku, na sauti ya C180 ikiwashwa asubuhi, kabla hujatoa hata shilingi ya malipo ya awali. Wasalimie watoto.

Wako,
Saidi