Shoga yangu, hiyo sakafu usiilipie bado

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kwanza. Natumaini nyote hamjambo, watoto wanasoma vizuri na mgongo wa shemeji umepata nafuu. Sisi huku wazima. Habari za Mama Pacha na safari yake nitakupa siku nyingine, maana leo nimeshika kalamu kwa ajili ya zile picha za vibao vitatu vya sakafu, cheusi, kijivu na cha asali, ulizonitumia jana usiku. Umesema unataka kulipia lamineti, hivyo vibao vya sura ya mbao, ya nyumba nzima kabla wiki haijaisha, na kwamba moyo wako umeangukia kile cheusi kinachong'aa. Nakuomba usilipe bado.

Kile cheusi ni kizuri, sikatai. Lakini nafikiria sebule yako ilivyo: madirisha yanakaribia kugusa sakafu, watoto wanaingia na kutoka kutwa, na paka wenu ni mweupe. Mwanga ukiingia kwa ubavu namna ile na kuitambaa sakafu nyeusi inayong'aa, kila unyayo unajitokeza, kila unywele wa paka, kila mkwaruzo wa kiti. Vumbi ni lilelile linaloingia katika nyumba zote, ila sakafu ya namna hiyo hailifichi hata kidogo. Utapiga deki asubuhi, na mchana haujafika unatamani kupiga tena. Kama ni weusi unaoupenda, tafuta weusi uliofifia, usio na mng'ao, wenye mistari ya mbao inayopapaseka. Zipo ambazo mbonyeo wake unafuata picha yenyewe, jicho likiona fundo la mti, kidole nacho kinalikuta palepale. Hizo zinaficha alama ndogo, na mguu ukikanyaga unadhani ni mbao ya kweli.

Nasisitiza hivi kwa sababu ya jinsi lamineti ilivyotengenezwa. Sura yake ya mbao ni picha iliyochapwa kwenye karatasi. Juu ya karatasi kuna ngozi ngumu ya melamini iliyotiwa chembe za oksidi ya alumini, ambayo ndiyo inayovumilia miguu. Chini ya karatasi kuna kiini cha nyuzi za mbao zilizogandamizwa, na chini kabisa tabaka la kukizuia kibao kisijipinde. Ile sakafu ya mbao halisi ya Bi Mkubwa ilipigwa msasa na kupakwa vanishi ikarudi kama mpya. Hii haipigwi msasa. Ukiupiga unaila picha. Kwa hiyo rangi na mng'ao utakaochagua utaishi navyo hadi siku utakapoing'oa.

Na kwa kuwa ni picha, inajirudia. Usikubali kuamua kwa kibao kimoja. Mwambie muuzaji afungue maboksi mawili matatu, avipange vibao chini, usimame mbali kidogo uangalie. Fundo lilelile likijitokeza kila hatua mbili, jicho lako litalikamata kila siku. Aina zenye picha nyingi tofauti ndizo zinazodanganya jicho vizuri, na hata hizo fundi achanganye maboksi wakati wa kutandaza, asimalize moja ndipo afungue lingine. Maboksi yote pia yawe ya toleo moja la kiwandani, kwa sababu rangi huweza kupishana kidogo toleo hadi toleo.

Sasa hivyo vingine viwili. Kile cha kijivu kinapendeza kikiwa peke yake, lakini milango yako ina wekundu, na kijivu kikikaa karibu na wekundu huelekea ubluu, chumba kikaonekana cha baridi. Kile cha rangi ya asali, cha sura ya mwaloni, ndicho ninachokipigia kura. Hakifanani na milango, na wala sitaki kifanane. Sakafu inayojaribu kufanana na mlango na kukosa kidogo tu inaonekana kama kosa. Ni bora ipishane nao waziwazi, iwe nyeupe zaidi au nyeusi zaidi, ila sakafu na milango vyote viwe vya rangi za joto, zenye unjano au wekundu. Usiniamini mimi, viamini vibao vyenyewe. Omba vipande uende navyo nyumbani, uvilaze sakafuni, usivisimamishe ukutani, maana mwanga hauangukii ukuta kama unavyoangukia sakafu. Viangalie asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Viweke karibu na kochi, karibu na mlango, karibu na pazia. Taa za dukani si taa zako.

Upana wa kibao nao ni sehemu ya mtindo, na wengi hawauangalii. Sebuleni kwako vibao vipana, vya sentimita 19 kwenda juu, vitatulia kwa kuwa viungo vinakuwa vichache. Kwenye chumba cha watoto, ambacho ni chembamba, mimi ningeshuka upana. Zile ambazo kibao kimoja kimechorwa vipande vitatu vidogo zinajaza macho fujo, ziache. Kingo zilizochongwa kidogo huonyesha kila kibao kivyake, ndiyo sura ninayoipenda, ingawa mfereji mdogo hukusanya vumbi. Kingo zilizonyooka hufagilika upesi lakini sakafu inaonekana kama shuka moja. Mwelekeo uwe wa kuifuata nuru ya dirisha, na ukumbini uufuate urefu wa ukumbi.

Mama Pacha anakushawishi utandaze kwa mtindo wa mifupa ya samaki, vibao vifupi vikikutana kwa pembe kama zigizagi. Nimeona ulivyoniandikia umeshaupenda. Unapendeza kweli, lakini ukuta usionyooka unaumbuka mapema, na vipande vinavyopotea kwa kukatwa ni vingi. Kwa mtandazo wa kawaida ongeza asilimia 10 juu ya eneo ulilopima, kwa huo ongeza hata 15. Labda pale mlangoni tu, pakaribishe wageni. Lakini hapo utahitaji... hebu tuliache hilo mpaka fundi aje.

Shemeji anauliza unene. Mwambie unene na ugumu wa uso ni mambo mawili. Kibao cha milimita 12 kinatoa sauti nzito zaidi ukikanyaga kuliko cha 8, na ni kigumu kupinda, lakini kinachokinga mkwaruzo ni ile ngozi ya juu, na alama yake kwenye boksi ni AC na namba, namba ikipanda ngozi inavumilia zaidi. Kwa vyumba vya kulala AC3 inatosha, kwa sebule na ukumbi wa nyumba yenye watoto ningenunua AC4. Kwa hiyo asilipie milimita 12 yenye ngozi hafifu.

Kama jikoni mnataka pia, tafuteni zilizotengenezwa kuhimili maji, na hata hizo yakimwagika yapanguswe. Maji yakizama kwenye viungo kiini kinavimba, na hakirudi. Bafuni msiweke kabisa. Juu ya zege pawekwe nailoni ya kuzuia unyevu kabla ya sponji, ule mkeka laini unaolazwa chini ya vibao. Fundi apime usawa kwa rula ndefu, tofauti isizidi milimita 3 katika mita 2. Maboksi yalale ndani ya chumba saa 48 bila kufunguliwa, ndipo kazi ianze. Pembeni aache milimita 8 hadi 10, sakafu ipate pa kutanukia, kisha skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ifunike. Fundi akikwambia ataibana mpaka ukutani, tafuta mwingine.

Narudi kwenye kile cheusi, maana najua bado kiko moyoni. Chumba chenu cha kulala kina dirisha dogo, watoto hawachezi humo, paka haruhusiwi. Weusi uliofifia humo ungependeza mno, ukiwa na kuta nyeupe na lile zulia lenu la sufu. Sebuleni na ukumbini ije asali, mlangoni pakae kile kipande cha kuunganishia. Utapata unachokipenda bila kukitumikia kila saa. Lifikirie hilo kwa dhati, shoga, ni pesa nyingi hizi na ni sakafu mtakayoikanyaga miaka.

Niambie basi: muuzaji amekubali kukupa vipande, au anataka ulipe kwanza? Kwenye boksi la kile cha asali kumeandikwa AC ngapi? Fundi ni yuleyule aliyewawekea vigae, na lamineti ameshaitandaza? Zege la sebuleni limekauka sawasawa? Vigae vya zamani mtaving'oa au mtatandaza juu yake? Na mkitandaza juu, milango itafunguka, au itabidi ikatwe chini?

Nijibu mapema. Wabusu watoto, msalimie shemeji.

Ni mimi shoga yako.