Gia boksi inayong'aa isikutie imani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza spea za mtumba wa Dar es Salaam wanaotutumia gia boksi kwa basi huku Mwanza.

Mteja wangu ana Rav4 ya 2003, foo wili, yaani inavuta kwa tairi zote nne. Gia boksi yake ya otomatiki ilikufa, akapigia duka moja la Ilala, akatumiwa picha kwa WhatsApp: imeoshwa, imepuliziwa rangi ya silva, utadhani imetoka kiwandani jana. Akalipa. Ilipofika gereji nikaigeuza, nikakuta haina mahali pa kuchomeka propela shafti, ile inayopeleka nguvu tairi za nyuma. Ni ya gari linalovuta kwa tairi za mbele. Muuzaji akajibu, "Fundi, Rav4 si Rav4 tu?"

Si Rav4 tu. Foo wili za toleo lile zinatumia gia boksi ya namba U140F. Zinazovuta mbele, U241E. Wala halihitaji chuo hilo: fungua boneti, tafuta kibati cha chuma, soma mstari wa TRANS/AXLE. Sasa kwa nini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe "spea" na bei basi? Ikiandikwa U140F, ubishi unaishia hapo. Mteja wangu amerudisha mzigo Dar kwa nauli yake, na hela anaambiwa asubiri.

La pili, acheni kuosha! Mimi gia boksi naijua kwa oili yake. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, klachi za ndani zimekwisha. Nikifungua sampo, bakuli la oili la chini, nikakuta unga laini kwenye sumaku, sishtuki. Nikikuta vipande vya chuma, naikataa. Iliyomwagwa oili na kupakwa rangi haina cha kuniambia. Nileteeni chafu, nitaosha mwenyewe.

Mafundi wenzangu nao wasijifiche nyuma yangu. Rav4 za 2001 mpaka 2003 zinajulikana kwa kontrol boksi, kompyuta inayoongoza injini na gia, inayoharibika, gia zikaanza kugonga, na mwisho gia boksi yenyewe ikafa. Ukifunga nyingine bila kupima kontrol boksi, umemtengenezea mteja safari ya pili dukani. Na rejeta isafishwe, maana oili ya gia boksi hupoozwa humo, na vyuma vya gia boksi iliyokufa vimebaki kwenye njia za oili vinasubiri mpya.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni garantii. Wanatoa ya wiki moja, inayohesabiwa tangu siku ya kulipa. Mzigo usubiri basi, usafiri, umsubiri fundi. Garantii inaisha gia boksi ikiwa bado iko chini sakafuni, haijawahi kuzungushwa na injini. Ihesabiwe tangu siku ya kufungwa, fundi asaini, picha ya kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi itumwe dukani siku hiyohiyo. Simu ile ile iliyotuma picha ya silva inaweza kuipokea.

Fundi wa gia boksi,
Mabatini, Mwanza