Keateka alikipindua kitambulisho

Mhariri,

Zaidi ya miaka ishirini nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Leo umenichokoza. Ile makala ya Jumapili, eti ukabila wetu ni uhasama wa tangu mababu, imewapa watu kisingizio cha bure.

Mababu gani? Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyofanya na wavulana wa shule kule Bristol, Uingereza. Waliambiwa wakisie idadi ya nukta, kisha wakagawanywa kiholela: ninyi mmezidisha, ninyi mmepunguza. Kila mmoja akapewa kugawia wenzake pesa, bila kujua nani ni nani, na yeye mwenyewe haambulii kitu. Wakapendelea kundi lao! Tena katika jaribio lililofuata, walipogawanywa kwa picha za wachoraji, walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine liachwe mbali zaidi. Kwa sababu ya nukta na picha.

Mwezi jana nilikuwa natafuta nyumba hapa Nairobi. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, mchangamfu, mzee huku, mzee kule, ufunguo anauchezesha kidoleni. Tumeshapatana kodi na diposti, akaomba kitambulisho. Jina hakulitazama. Alikipindua akasoma nyuma, penye wilaya na lokesheni, yaani kata, ya kwetu, panapofichua kabila. Ufunguo ukazama mfukoni. "Mzee, kumbe kuna mtu alishalipia." Alilipia saa ngapi? Tumepanda orofa nne na goti langu hili, nimefungua mabomba yote, nimevuta maji ya choo mara mbili, muda wote huo hakuna aliyelipa, ila lokesheni ilipoonekana tu ndipo mtu akalipa? Wiki iliyofuata nilipita makusudi. Kibao cha nyumba ya kupangisha kilikuwa palepale getini. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inamkataza hata mtu binafsi kubagua kwa kabila. Labda keateka hajaletewa nakala.

 

Napendekeza lokesheni ifutwe, mahali pake paandikwe kundi la damu, maana sijaona mgonjwa akiulizia kabila la chupa aliyotundikiwa. Mimi ni O. Nahofia tu kwamba haitapita miezi miwili kabla keateka hajakipindua tena na kuniambia ploti hii ni ya akina B.

Mpangaji mzee,
Nairobi