Sululu wa Leigh

Southend-on-Sea, Januari

Kaka Bakari,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza Jumamosi asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikaurudia mara mbili. Pesa za mabati nitatuma mwisho wa mwezi, usimtie mama wasiwasi. Ila hilo la kuuza kiwanja chetu cha Mida, pale hori ya bahari, limenikosesha usingizi. Adhuhuri nikaona kulala hakulaliki, nikavaa makoti mawili nikatoka.

Nilikwenda Two Tree Island, kisiwa kidogo pale Leigh, Thames inapoingia baharini. Zamani mji ulikuwa ukitupa taka zake pale, mpaka miaka ya 70. Leo ni hifadhi ya ndege. Kilimani kuna magofu ya ngome ya Hadleigh, nikiyatazama nayakumbuka magofu ya Gede ya kwetu. Maji yalikuwa yametoka. Wallahi kaka, lile tope! Limelala mpaka macho yanapokoma, vijito vimelikata huku na huku, na harufu yake ni ile ile ya kwetu maji yakipwa. Kilichokosekana ni mikoko tu.

Bata bukini walikuwa mamia, wale wadogo weusi wenye alama nyeupe shingoni. Wanatoka Siberia, hufika hapa Oktoba kula majani ya baharini, na Machi huanza kurudi. Yangeyange naye alikuwepo peke yake kijitoni, akikoroga tope kwa mguu kama wale wa kwetu. Kwa saa mbili nilihesabu aina 17, na zote nimeziandika kwenye daftari.

Kwenye kibanda cha kutazamia ndege walikuwamo wazee wawili wenye darubini kubwa za miguu mitatu. Ukungu ulianza kushuka, hatuoni kitu. Mara nikasikia ile sauti ya ndege, inaanza chini, inapanda, inakatika. Nikasema, "Sululu." Mzee mmoja akageuka kuniuliza nimemwona wapi. Nikamwambia sijamwona, namjua kwa sauti, baba yangu alinifundisha. Ukungu ulipopasuka, alikuwa pale pale nilipoonyesha kidole! Mzee akasimama, akanipisha kwenye darubini yake.

Nilimwona kama yuko mkononi. Ule mdomo mrefu uliopinda kama sululu ya kuchimbia, akauzamisha topeni karibu mpaka machoni, akatoka na kaa. Akamtikisa, miguu ikaruka mmoja mmoja, ndipo akammeza. Nikamkumbuka baba ametuweka mtumbwini, anatuambia sululu wakianza kuhama topeni kwa makundi, kunjeni nyavu, maji yanarudi. Macho yalinijaa machozi, nikasingizia baridi. Hujui kaka, siku tuliyomzika (ninyi mliyomzika) mimi nilikuwa kazini.

Sasa sikiliza. Mlikaa kikao kwa ami, mkapatana bei, mimi nikapigiwa simu mambo yameshakwisha. Hilo limeniuma kuliko bei yenyewe. Hati ya kiwanja kile nililipia mimi, mshahara wangu wa kwanza wa huku, na risiti ninazo. Mnunuzi anataka kumwaga kifusi ajenge ukuta hadi majini. Akishajaza, sululu watatua wapi? Na wao wanatoka huko huko kaskazini, safari ya bahari na majangwa, waje wakute kifusi? Wageni wanaolipa kupita lile daraja la kamba la Mida wanakuja kutazama ndege hao, na pesa za daraja ndizo zilizomlipia karo mtoto wa Amina. Ami analijua hilo, alikwenda mwenyewe kuchukua basari.

Kwa hiyo sahihi yangu hamtaipata. Mwambie ami kwa heshima zote, mimi mwanawe namwomba radhi, lakini sitii. Kama tatizo ni deni la duka, niambie ni kiasi gani, tulilipe pole pole sisi wawili.

Saa kumi na nusu giza lilikuwa limeshaingia, nikarudi na treni vidole havina hisia. Mama mwambie nakula vizuri. Likizo nimeomba Machi, nifike kabla sululu hawajaondoka. Jumapili maji yakitoka, nenda pale baba alipokuwa akifunga mtumbwi, uniambie wako wangapi. Uwahesabu wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Nduguyo,
Omari